Entropi, maziwa ya ngamia na uzio wa uwanja wa ndege

Leo kuna hesabu kidogo. Msikimbie. Ni za kujumlisha na kuzidisha, na yeyote aliyewahi kugawa pesa za chama atazielewa.

Nataka tuzungumze juu ya entropi. Ukilitaja neno hili hapa Kiwanjani mtu anaweza kudhani ni dawa ya mifugo. Waliosoma fizikia watakuambia ni kipimo cha vurugu. Sisi waandishi wa programu tunaikumbuka kwa Claude Shannon, yule mhandisi wa Marekani aliyeonyesha mwaka 1948 namna ya kupima habari iliyomo ndani ya ujumbe. Kila unapobana faili ili litumwe haraka, unakula matunda ya kazi yake. Lakini kuna matumizi mengine ambayo hayasikiki sana, nayo ndiyo yamenikosesha usingizi miezi hii: kutumia entropi kukadiria watu wa mji au wa jimbo zima wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Nani ananunua soko lipi, nani anafanya kazi mtaa upi, na barabara ikiwekwa lami mizigo itaelekea wapi.

Utauliza, mtu wa Kiwanjani yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Isiolo ni mji uliopangiwa makubwa. Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, iliutaja kuwa miongoni mwa miji ya kitalii itakayojengwa. Tarehe 2 Machi 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa kule Lamu, na Isiolo ikawekwa katikati ya ramani: njia ya kwenda Moyale na Ethiopia huku, njia ya kwenda Sudan Kusini kule. Uwanja wa ndege, ambao ndio jirani yetu hapa mtaani kama jina lenyewe linavyokueleza, ulipanuliwa. Sasa chini ya kila mpango wa aina hii kuna jedwali la makadirio. Jedwali likisema watu watapita hapa, hapa patajengwa. Likisema hawatapita, usitarajie kitu. Kwa hiyo mwenye ploti, mwenye kibanda na mwenye pikipiki wote wana haki ya kujua jedwali hilo linapikwa vipi.

Watu kumi na masoko matatu

Tuanze na mfano mdogo. Tuseme watu 10 wa mtaa mmoja wanaweza kwenda kwenye masoko matatu. Soko la kwanza wanatembea tu, nauli ni sifuri. La pili nauli ni shilingi 50. La tatu ni shilingi 100. Hatujui nani alikwenda wapi. Tunachojua ni kitu kimoja, kwamba kwa jumla watu hao 10 walitumia nauli ya shilingi 300.

Je, waligawanyikaje? Kuna mipango minne tu inayolingana na shilingi 300:

Wa 4, 6 na 0.
Wa 5, 4 na 1.
Wa 6, 2 na 2.
Wa 7, 0 na 3.

Mpaka hapo yote minne ni sawa, hakuna unaovunja sharti. Lakini sasa jiulize swali la pili: kila mpango unaweza kutokea kwa njia ngapi ukiwataja watu kwa majina? Amina aende soko la kwanza na Halima la pili, au Halima la kwanza na Amina la pili. Hizo ni njia mbili tofauti za mpango uleule. Ukihesabu, mpango wa kwanza una njia 210. Wa pili una njia 1,260. Wa tatu nao una 1,260. Wa nne una 120 tu.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Kama hujui kitu kingine chochote, huna sababu ya kuamini kwamba ulitokea ule mpango wenye njia 120 na kuuacha wenye njia 1,260. Unachagua mpango ambao ungeweza kutokea kwa njia nyingi zaidi. Wingi huo wa njia ndio unaopimwa na entropi, na kuchagua mpango wenye njia nyingi kuliko yote ndiko kunakoitwa kuikuza entropi hadi kikomo.

Angalia kitu cha ajabu kilichojitokeza. Mipango miwili iliyoshinda, ukichukua wastani wake, inakupa 5.5, 3 na 1.5. Kila nauli ikipanda kwa shilingi 50, idadi inashuka kwa karibu nusu. Fanya hesabu hiyohiyo kwa watu 1,000 waliotumia shilingi 30,000, utapata takriban 554, 292 na 154. Kushuka ni kulekule, kwa kiwango kilekile kila hatua. Hatukumwambia mtu yeyote kwamba watu hawapendi kulipa nauli. Hatukuweka kanuni yoyote ya tabia. Tuliweka jumla ya nauli, tukahesabu njia, na mteremko ukajitokeza wenyewe. Mara ya kwanza nilipoiandika kwenye programu na kuona namba hizo zikijipanga, niliinuka nikaenda kutafuta mtu wa kumwonyesha. Nilimpata mlinzi wa usiku. Alinisikiliza kwa heshima.

Jamaa aliyetoka kwenye fizikia

Aliyelileta jambo hili kwenye miji ni Mwingereza aitwaye Alan Wilson. Alisoma hisabati Cambridge, akafanya kazi kwenye maabara ya Rutherford akishughulika na nadharia ya chembe ndogo kabisa za maada, kisha miaka ya 1960 akahamia kwenye masuala ya usafiri na miji.

Wakati huo wapangaji walikuwa na kanuni waliyoiazima kwa Newton. Chukua watu wa mji wa kwanza, zidisha kwa watu wa mji wa pili, gawanya kwa umbali kati yao uliozidishwa kwa wenyewe, na hapo unapata wasafiri. Ilikuwa inasaidia kiasi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kueleza kwa nini abiria wa basi afuate sheria ya mwezi na dunia.

Mwaka 1957 mwanafizikia wa Marekani, E. T. Jaynes, alikuwa amesema kwamba entropi ya Boltzmann, ya gesi na joto, na ile ya Shannon, ya habari, zinaweza kusomwa kama kitu kimoja: njia ya kukisia bila upendeleo pale unapojua kidogo. Wilson alifuata njia hiyo. Katika makala yake ya mwaka 1967 alionyesha kwamba ukijua watu wangapi wanatoka kila mtaa, wangapi wanaingia kila mtaa, na jumla ya gharama ya safari zote, basi jedwali lenye njia nyingi zaidi lina umbo hili:

T = A × B × O × D × e^(−β × c)

Usiogope herufi. T ni idadi ya watu kutoka mtaa fulani kwenda mahali fulani. O ni wanaotoka, D ni wanaoingia, c ni gharama ya safari. A na B ni namba za kusawazisha tu, ili jumla zisipotee njiani. β inakueleza gharama inawauma watu kiasi gani: β kubwa watu hawasogei, β ndogo umbali si kitu. Kanuni ya Newton ilikuwa imepata mrithi, na safari hii mrithi alikuwa na maelezo. Mwaka 1970 Wilson akatoa kitabu, Entropy in Urban and Regional Modelling, na mwaka huohuo akawa profesa Leeds. Wapangaji wa usafiri duniani wanaitumia familia hii ya hesabu mpaka leo.

Mimi ninachokipenda ndani yake ni nidhamu. Kanuni inakuambia: sema unachojua, usiongeze hata neno moja. Watu wengi hufikiri entropi ni kudai kwamba mji ni vurugu. Wilson hadai hivyo. Anachosema ni kwamba mtabiri asijifanye anajua asichokijua. Na kwa mji kama wetu, ambao takwimu zake ni chache, hiyo ni tabia njema.

Lakini nidhamu hiyo ina upande wake wa pili. Kama kila kitu kinategemea ulichokiingiza, basi ugomvi wote unahamia kwenye ulichokiingiza. Hasa ile c. Nani anaandika jedwali la gharama?

Daftari la Mama Mdogo

Mama Mdogo wangu ni mmoja wa kina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Wanaoijua Isiolo wanaijua biashara hii: maziwa yanakusanywa kwa wafugaji, yanaletwa mjini, mengine yanauzwa hapahapa, mengine yanapakiwa kwenye mabasi kwenda Eastleigh, Nairobi. Adui mkubwa ni jua. Maziwa yakichelewa yanaharibika, na hasara ni ya mama aliyenunua kwa mfugaji.

Kikundi chao kidogo kilikuwa kimeweka akiba kwa muda mrefu ili kufungua kibanda cha pili chenye friji. Pesa zilikuwa za friji moja tu, na mahali palikuwa pawili. Palipoitwa A palikuwa upande wa pili wa uwanja wa ndege ukitokea kwetu, kodi rahisi. Palipoitwa B palikuwa karibu na barabara ya kwenda mjini, kodi ya juu kidogo. Wakikosea hakuna pesa nyingine. Kuna mama mle ndani ambaye karo ya shule ya mtoto wake ilikuwa inangojea faida hiyo.

Nilikwenda kwao na jedwali nusu. Watu wanaonunua kila mtaa tulikuwa nao, maana daftari la Mama Mdogo lina kila kitu, mpaka nani ana deni la tangu Ramadhani. Safu ya gharama niliiacha wazi kwa makusudi.

"Salaam aleikum, Mama Mdogo."

"Aleikum salaam, mwanangu. Hiyo kompyuta yako inasemaje?"

"Inasema nikuulize wewe."

Akacheka, akawaita wenzake.

Kwanza niliwaonyesha jedwali lingekuwaje kama gharama ingepimwa kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, kama zinavyofanya programu nyingi usipoziambia vingine. Kwa wateja wa upande wetu, mstari ulionyooka ulikuwa sawa na dakika 8 za kutembea hadi A, na dakika 12 hadi B. Kutokana na daftari, β ilikuwa karibu 0.1 kwa dakika, yaani kila dakika 7 za ziada zinapunguza wateja hadi nusu. Kwa hesabu hiyo, kati ya kila wateja 100 wa upande wetu, 60 wangekwenda A na 40 wangekwenda B. Pamoja na kodi rahisi, A ingeshinda bila mjadala.

Mama mmoja akauliza kwa upole, "Mwanangu, huo mstari wako unapita wapi?"

Unapita juu ya njia ya ndege. Na hakuna mtu anayetembea na mtungi wa maziwa juu ya njia ya ndege. Kuna uzio, unauzunguka. Tukaketi tukaandika dakika za mguu wa binadamu: hadi A dakika 25, hadi B dakika 14. Kanuni ileile, β ileile, watu walewale. Sasa kati ya wateja 100, A inapata 25 na B inapata 75.

Fikiria hilo. Kutoka 60 kwa 40 hadi 25 kwa 75, na hatujagusa hesabu hata moja. Tumebadilisha tu aliyeulizwa kuhusu njia.

Wakaendelea kunifundisha. Baada ya Maghrib, walisema, mwanamke hamtumi binti yake kupita kandokando ya uzio, hata iwe karibu vipi. Kwa lugha ya kanuni, gharama ya njia hiyo jioni haina mwisho, na e iliyopandishwa kwa hasi isiyo na mwisho ni sifuri. Jioni ndio wakati wa kununua maziwa ya chai. "Wewe unahesabu kilomita," Mama Mdogo akaniambia, "sisi tunahesabu jua na giza."

Friji iliwekwa B. Mwezi wa kwanza tulihesabu wateja kwa mtaa wao, tukalinganisha na jedwali. Mitaa mingi ilikaribiana na makadirio. Mmoja ulizidi sana. Nilidhani labda dakika zimeandikwa vibaya, lakini zilikuwa sawa. Kina mama walijua jibu mara moja: muuzaji wa zamu ya asubuhi anatoka mtaa ule, na anawakopesha watu anaowafahamu. Kwa hiyo kuaminiana nako kuna uzito, na sasa kuna zamu mbili za watu wa mitaa tofauti. Hili ndilo somo ambalo vitabu havilisemi kwa sauti ya kutosha: jedwali la entropi ni msingi wa kulinganishia. Linakueleza mambo yangekuwaje kama hakuna kingine zaidi ya ulichoandika. Pale ukweli unapoliacha jedwali, hapo pana habari unayoitafuta.

Kutoka mtaa hadi jimbo

Sasa tupandishe kiwango. Badala ya mitaa weka miji: Moyale, Marsabit, Isiolo, Meru, Nanyuki, Nairobi. Hesabu haibadiliki.

Barabara ya Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500, iliwekwa lami kipande kwa kipande na kukamilika katika miaka ya 2010. Waliosafiri zamani wanaikumbuka: juu ya lori, vumbi, mara nyingine kwa msafara wenye walinzi kwa sababu ya majambazi, na safari ya kupimwa kwa siku. Leo basi linaimaliza ndani ya siku moja. Kwa lugha yetu, c imeporomoka.

Kila mtu alisema Isiolo itanufaika. Tuone kanuni inasemaje. Chukua mfanyabiashara wa Marsabit anayeweza kununua bidhaa nyumbani, Isiolo au Nairobi. Tuseme, kwa mfano tu, uzito wa nyumbani ni 5, wa Isiolo 2 na wa Nairobi 3. Kati ya kila shilingi 100 anazotumia, 50 zinabaki Marsabit, 20 zinakuja Isiolo, 30 zinakwenda Nairobi. Lami inakuja. Lakini njia ya Nairobi inapita Isiolo, kwa hiyo gharama iliyopungua ni ileile kwa miji yote miwili, na katika kanuni hii kupunguza gharama kwa kiasi kilekile ni kuzidisha uzito kwa namba ileile. Tuseme ni mara mbili. Uzito sasa ni 5, 4 na 6. Isiolo inapata shilingi 27, Nairobi 40, na Marsabit inabaki na 33.

Ni kweli Isiolo imepanda. Lakini Nairobi imepanda zaidi kwa shilingi, na uwiano kati ya Isiolo na Nairobi uko palepale, mbili kwa tatu. Aliyepoteza ni duka la Marsabit. Na kama β nayo ikishuka, watu wakazoea safari na nauli zikawa nyepesi mfukoni, basi umbali hauna nguvu tena na mji wenye vitu vingi unawavuta wote. Magari yatakuwa yanapita Isiolo usiku, watu wamelala ndani.

Kwa hiyo lami peke yake haiwezi kuubadilisha uwiano huo. Kinachoubadilisha ni kile kilichopo Isiolo chenyewe: soko la mifugo linalolipa vizuri, mahali pa kupoza maziwa, hospitali, chuo, watu wenye ujuzi. Katika kanuni hicho ndicho kinachoitwa mvuto wa mahali. Britton Harris na Wilson walionyesha mwaka 1978 kwamba ukiruhusu mvuto ukue pale faida inapozidi gharama na usinyae pale inapopungua, vituo vinaweza kuruka ghafla: badiliko dogo, na kituo kilichokuwa hakipo kinasimama, au kilichokuwepo kinatoweka. Nikisoma hilo ninaifikiria ile friji. Barabara imezidisha namba za kila mtu. Friji imeongeza uzito wa mahali pamoja.

Kinachobaki nje ya jedwali

Sitaki mwende mkidhani nimepata dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2015 jopo la watafiti likiongozwa na Amy Wesolowski lilichapisha makala iliyotumia data za simu, bila majina, za karibu Wakenya milioni 15. Walilinganisha safari halisi na modeli ya mvutano na nyingine iitwayo modeli ya mnururisho. Zote mbili zilishindwa kwa namna zinazojirudia: zilitia chumvi jinsi safari zinavyosambaa, na zilifanya vibaya hasa mashambani. Waliandika kwa sababu nzito, kwa kuwa modeli hizo hutumiwa kukisia maradhi yatasambaa wapi. Ukikosea mahali watu wanapokwenda, unapeleka chanjo kusikohitajika.

Kwa nini mashambani? Kwa upande wetu wa nchi naweza kutaja sababu mbili ambazo ukiishi hapa huwezi kuzikwepa.

Ya kwanza, O haitulii. Kanuni inadhani mtu ana nyumba, anatoka na kurudi. Mfugaji anahama na mifugo. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulihamisha watu na ng'ombe kwa namna ambayo hakuna jedwali lililoandikwa ofisini lingeikamata. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti ya Isiolo. Hiyo ni picha ya usiku mmoja, na wengine ndani ya picha walikuwa wanatembea.

Ya pili, c si nauli tu. Nchi hii ya kaskazini ilikuwa wilaya zilizofungwa. Sheria ya mkoloni ya mwaka 1934 iliwapa maofisa nguvu ya kuamua nani aende wapi, na ukitaka kupita ulihitaji kibali. Kisha ikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Kwa wazee wetu, gharama ya kwenda mahali ilikuwa ruhusa na hofu, na kilomita zilikuja baadaye. Mambo yamebadilika, lakini hofu ina kumbukumbu ndefu. Kuna sehemu za malisho zilizo karibu kwa ramani na mbali sana kwa moyo, kwa sababu mara ya mwisho watu walipokutana pale walizika watu.

Haya yote yanaweza kuingia kwenye kanuni. Ruhusa, hofu, giza, kukopeshana, kila kimoja kinaweza kuwa namba kwenye safu ya c au ya mvuto. Kanuni haikatai. Ila haitakuuliza. Ukiiachia kisanduku kitupu, itakijaza kwa kilomita na kuendelea bila kukohoa, na namba zitatoka zimenyooka, zenye nukta za desimali, zikionekana za kisayansi kuliko neno la mama aliyeketi kwenye mkeka.

Jaribu mwenyewe

Huhitaji kompyuta kubwa. LibreOffice Calc inatosha, au Python kama unaijua. Fanya hivi:

1. Andika mitaa kwa safu za mlalo na masoko kwa safu za wima. Pembeni weka jumla ya wanaotoka, chini weka jumla ya wanaoingia.
2. Kwenye jedwali la pili andika gharama. Waulize watu wa bodaboda, waulize wanawake, uliza mchana na uliza jioni.
3. Kila kisanduku kiwe e^(−β × gharama). Anza na β yoyote ndogo.
4. Zidisha kila safu ya mlalo kwa namba itakayoifanya jumla yake ilingane. Kisha fanya hivyo kwa safu za wima. Rudia mlalo, rudia wima, mpaka namba zitulie. Mara nyingi zinatulia haraka.
5. Tafuta wastani wa gharama kwenye jedwali lako. Ukizidi wastani halisi, ongeza β. Ukipungua, punguza β. Rudia hatua ya nne.
6. Linganisha na ukweli, kisha uende ukaulize kila mahali palipoachana sana.

Hatua ya pili na ya sita ndizo zenye kazi. Nyingine ni za mashine.

Na siku mtu akija mtaani kwenu na ramani yenye rangi, akiwaambia kituo cha afya kitakuwa pale au barabara itapita hapa kwa sababu kompyuta imesema, mpeni kiti na chai. Kisha muulizeni swali moja: safu ya gharama mliijaza kwa kumuuliza nani?

Haya, kazi kwenu. Safari nyingine tukijaliwa nitaeleza jinsi ya kupata β kutoka kwenye daftari la madeni. Mama Mdogo ameshakubali, bora majina yafutwe.